Lisomeni Jina Lake

Kila mwaka tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa. Sisi wa Kibuta, wilayani Kisarawe, huifuata shughuli ile kwa redio, na wenye umeme huitazama kwenye televisheni. Tunamwona Rais akiweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee mmoja aliyepigana zamani huweka shoka. Tarumbeta hulia, watu husimama kimya. Viongozi wa dini husogea mmoja baada ya mwingine, wakaomba. Kisha gwaride huondoka, nasi tunarudi kwenye mihogo na mikorosho yetu.

Hatuna ugomvi na shughuli hiyo. Ni ya heshima, na taifa lisilowaheshimu waliolifia halistahili kuitwa taifa. Ugomvi wetu ni na sisi wenyewe, watu wa Kanisa. Maana Jumapili inayofuata tunaingia ibadani, tunasikia matangazo ya vikundi, michango na ndoa, na habari za mashujaa ama hazitajwi kabisa, ama hutajwa ndani ya maombi kwa sentensi moja: tunawakumbuka mashujaa wetu wote. Baada ya hapo kwaya huimba na sadaka hutolewa.

Neno hilo "wote" ndilo tunalolishtaki katika makala haya. Tunasema kwamba kumkumbuka kijana aliyekufa vitani kwa neno "wote" ni njia ya adabu ya kumsahau. Na tunasema kwamba Kanisa, kuliko taasisi nyingine yoyote, halina ruhusa ya kufanya hivyo.

Kijana wetu

Hatusemi haya kwa sababu ya kusoma vitabu. Tunasema kwa sababu ya kijana mmoja wa hapa hapa Kibuta na kwa sababu ya kosa letu juu yake.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia sehemu ya mkoa wa Kagera iliyo kaskazini ya mto, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,800. Watu waliuawa, mifugo iliswagwa, daraja la Kyaka lilivunjwa. Mwanzoni mwa Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba tutampiga adui. Jeshi la Wananchi pekee halikutosha. Waliitwa polisi, magereza, Jeshi la Kujenga Taifa, na maelfu ya vijana wa mgambo kutoka vijijini. Kijana wetu alikuwa mgambo. Alikuwa na miaka 21. Alikuwa amebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa letu, aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, na mwaka huo alikuwa amepanda mikorosho yake ya kwanza nyuma ya nyumba ya mama yake. Hakuwa ameoa.

Aliandika barua moja kutoka njiani. Ilikuwa fupi, ya kuwasalimu wakubwa kwa wadogo na kuomba mikorosho ipaliliwe. Kampala iliangushwa tarehe 11 Aprili 1979, na watu huku walicheza ngoma. Wiki chache baadaye ilikuja habari kwamba amefia Uganda. Mwili haukuja. Wengi wa askari wetu wa vita ile walizikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kutoka Kibuta hadi huko ni zaidi ya kilomita 1,300. Matanga yalikaliwa bila jeneza, watu wakala, wakalia, wakaondoka.

Mama yake aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya siku ile. Hakuwahi kufika Kaboya. Wenzake walipokwenda makaburini kabla ya Pasaka kusafisha, yeye alibaki nyumbani. Alikuwa akimwambia binti yake, "Wenzangu wana kaburi la kupalilia. Mimi ninapalilia mikorosho." Na kweli aliipalilia mpaka nguvu zilipomwishia. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujua mzazi. Sisi tuliokuwa tukipita njiani tulimwona bibi kizee mwenye jembe, tukampa shikamoo, tukaendelea na safari zetu.

Alipofariki, binti yake, ambaye sasa naye ni bibi, alikuja kwa wazee wa kanisa na ombi moja. Hakuomba fedha wala mnara. Aliomba jina la kaka yake lisomwe kanisani, mara moja kwa mwaka, Jumapili iliyo karibu na Siku ya Mashujaa. Akajibiwa kwa upole, "Bibi, tukianza kusoma majina ya wanajeshi itabidi tusome na ya kila mtu. Tunawaombea wote kwa pamoja."

Ni sisi tuliomjibu hivyo. Hatumsingizii mwingine. Tulidhani tumejibu kwa hekima. Alituangalia, akasema, "Wanangu, wa kwenu mnayajua makaburi yao," akachukua khanga yake akaenda zake. Jibu lake lilitukosesha usingizi, na makala haya yametoka katika usiku huo.

Kama msomaji anauliza mbona hata sisi hatulitaji jina hilo hapa, ni kwa sababu tulipomrudia kuomba radhi na kumwomba ruhusa ya kuandika, bibi alisema: lisikike kwanza kanisani, kisha ndipo likachapwe. Tumemtii.

Ahadi iliyoandikwa kwenye shaba

Tuliposema "wote", tulidhani tunazungumza lugha ya Biblia. Kumbe tulikuwa tunazungumza lugha ya wakoloni. Atakaye kujua tunasema nini na aende Dar es Salaam.

Katikati ya jiji imesimama Sanamu ya Askari, bunduki mkononi, singe imeelekezwa bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927 mahali ambapo zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann. Chini yake kuna maneno kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hicho Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu. Maneno yanawataja askari wa Kiafrika wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na wapagazi ambao walikuwa mikono na miguu ya jeshi. Mwishoni yanamwahidi mpiganaji kwamba hata akifa, watoto wake watalitunza jina lake.

Izunguke sanamu hiyo pande zote nne. Hutaona jina hata moja.

Kisha nenda kwenye makaburi ya vita yaliyo katika jiji hilo hilo. Huko utakuta majina ya zaidi ya askari 1,500 wa Uingereza na India, yamechongwa moja moja. Hao walikumbukwa kwa majina. Waafrika walikumbukwa kwa sanamu moja ya mtu ambaye si fulani. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliotumikia Uingereza katika vita ile, na huenda wakafika 350,000, hawakuwahi kukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza alisimama bungeni Aprili mwaka huo akaomba radhi. Miongoni mwa sababu zilizoonyeshwa na ripoti ni kwamba wakubwa wa wakati ule waliamini kuwa mwenyeji hangeelewa thamani ya jiwe lenye jina.

Nani alikuwa haelewi? Babu zetu wa Uzaramo walijua thamani ya jina kabla Mzungu hajaja na patasi yake. Hapa kwetu mjukuu hupewa jina la babu, na wanaoitwa jina moja huitana somo, na somo wako ana haki juu yako na wewe juu yake. Kibasila, kiongozi wetu aliyenyongwa na Wajerumani wakati wa Majimaji, hakujengewa sanamu na wale waliomuua, lakini jina lake halikupotea, hata leo wanafunzi wa Dar es Salaam wanasoma katika shule ya sekondari inayoitwa kwa jina lake. Wale waliochukuliwa kubeba mizigo, kwanza na Wajerumani kisha na Waingereza, wakafa kwa njaa na homa porini, walikuwa na majina pia. Hayakuandikwa kwa sababu mwandikaji hakuona haja.

Tazama tena ile ahadi: watoto wako watalitunza jina lako. Je, kama hukuacha watoto? Kijana wetu alikuwa na miaka 21 na hakuwa ameoa. Hivyo ndivyo walivyo wengi wa wanaokufa vitani, maana vita hupenda vijana. Ahadi ile, hata ingekuwa ya kweli, ingemruka yeye. Mzee aliyekufa kitandani ana wajukuu wa kuitwa jina lake. Kijana aliyekufa vitani ana mama tu, na mama akishakufa, ana dada mzee mwenye khanga begani ambaye wazee wa kanisa wanamjibu kwa upole.

Hapo ndipo Neno la Mungu linapotubana. Katika sura ya 56 ya Isaya, Bwana anazungumza na watu ambao hawatapata mtoto kamwe. Hawaambii watafute wa kuwarithi. Anaahidi kuwapa yeye mwenyewe, ndani ya nyumba yake, ukumbusho na jina lililo bora kuliko wana na binti. Ndani ya nyumba yake, wapendwa. Sanamu inasema: watoto wako watakukumbuka. Bwana anasema: asiye na watoto atakumbukwa nyumbani mwangu. Nasi tuliokabidhiwa funguo za nyumba hiyo tulimwambia dada yake kwamba hakuna nafasi katika matangazo.

Uria Mhiti

Kuna askari mmoja katika Biblia ambaye kila Mkristo anamjua, lakini hatumhesabu kama askari aliyekufa vitani. Tunamkumbuka kama mume wa mwanamke fulani. Ni Uria Mhiti.

Soma tena sura ya 11 ya kitabu cha pili cha Samweli, safari hii ukimwangalia Uria peke yake. Anaitwa kutoka vitani. Anaambiwa aende nyumbani akapumzike. Anakataa, kwa sababu wenzake wamelala mahemani, na yeye analala mlangoni pa mfalme pamoja na watumishi. Anarudi vitani akiwa amebeba mkononi barua ya kifo chake mwenyewe. Anawekwa penye mapigano makali, wenzake wanarudi nyuma, anakufa.

Kisha mjumbe anafika kwa Daudi na taarifa ya vita. Anaeleza habari za wapiga mishale ukutani, anasema baadhi ya watumishi wa mfalme wamekufa, na mwishoni, kama jambo dogo, anaongeza kwamba Uria naye amekufa. Daudi anajibuje? Anamwambia mjumbe akamtulize Yoabu, asilione jambo hili kuwa baya, kwa kuwa upanga haubagui, hula huyu na hula yule.

Tunaomba msomaji aisikilize sauti hiyo vizuri, maana bado inasikika. Ndiyo sauti inayosema: hiyo ndiyo kazi ya jeshi. Ndiyo inayosema: alijua anakokwenda. Na katika midomo yetu sisi wa kanisa ndiyo inayosema, haraka mno, kabla machozi hayajakauka: ni mapenzi ya Mungu. Daudi alikuwa mtu wa sala na mtunzi wa nyimbo, na hata hivyo aliweza kulizika jina la kijana ndani ya hesabu ya waliokufa. Kwa hiyo utauwa peke yake hautuokoi na kosa hili.

Lakini Mungu hakuikubali taarifa ile. Alimtuma Nathani, na Nathani hakusema "baadhi ya watumishi wako". Alimtaja Uria kwa jina. Nenda tena sura ya 23, kwenye orodha ya mashujaa wa Daudi. Wameandikwa mmoja mmoja, pamoja na mahali walikotoka, na jina la mwisho kabisa katika orodha, lile ambalo mfalme angependa kulisahau, ni Uria Mhiti. Nenda hata Agano Jipya. Katika sura ya kwanza ya Mathayo, katika ukoo wa Bwana wetu Yesu Kristo, mwandishi anafika kwa mama wa Sulemani na hamtaji kwa jina lake. Anamwita aliyekuwa mke wa Uria. Karibu miaka elfu moja imepita, na jina la askari aliyekufa vitani bila kuacha mtoto limeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa Injili.

Basi hiyo ndiyo namna ya Mungu ya kuwakumbuka mashujaa. Inafanana na orodha kuliko inavyofanana na sanamu.

Majibu kwa wanaotupinga

Tangu tulipoanza kusema haya, tumepingwa na ndugu zetu wema. Tunawajibu kwa heshima.

Wa kwanza wanasema hii ni kazi ya serikali na jeshi. Tunajibu: serikali ifanye kazi yake, na mara nyingi inaifanya. Tarehe 13 Julai 2013 askari wetu 7 waliuawa Darfur. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya kulinda amani huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilivamiwa, na idadi ya Watanzania waliopoteza maisha ikafika 15. Taifa liliomboleza, jeneza zilifunikwa bendera. Lakini serikali humjua askari kwa namba na cheo. Haimjui kama mwimbaji wa sauti ya pili. Haijui mikorosho yake iko wapi. Aliyembatiza anajua, na aliyembatiza ni Kanisa. Tulilitamka jina lake juu ya maji mbele ya ushirika wote. Tunawezaje kusema sasa kwamba kulitamka si kazi yetu?

Wa pili wanasema kwamba Waprotestanti hatuwaombei wafu. Ni kweli, na hatuombi mafundisho yabadilike. Kumsoma mtu jina si kumwombea atoke mahali fulani aende kwingine. Ni kumshukuru Mungu kwa ajili yake na kukiri kwamba yuko mkononi mwa Mungu. Yoshua alisimamisha mawe 12 ng'ambo ya Yordani ili watoto wakiuliza maana yake waambiwe. Hakuna aliyesema mawe yale ni ibada ya wafu. Na kama kutaja majina ya waliolala ni kosa, basi tuache pia kusoma wasifu wa marehemu kila tunapozika.

Wa tatu wanasema: Kibuta na Uzaramo kwa jumla wengi ni Waislamu, na waliokufa vitani wengi ni wao. Kanisa litasomaje majina ya watoto wa wengine? Tunajibu kwamba hatutamsoma mtoto wa mtu bila idhini ya nyumba yake, na jirani zetu wana dua zao na hitima zao, nao wana haki ya kuwakumbuka watoto wao kwa njia yao. Tulimwendea mwalimu wa madrasa tukamweleza jambo letu. Alisema, "Nanyi mmechelewa, lakini karibuni," akatuambia kuna nyumba mbili ambazo zingependa majina ya watoto wao yatajwe popote penye watu wanaomcha Mungu. Walikwenda na kijana wetu kwenye lori moja. Tukumbushane pia kwamba Uria alikuwa Mhiti, mtu wa taifa jingine, na Mungu hakuona shida kumweka kwenye orodha.

Wa nne ndio wenye hoja nzito kuliko wote. Wanasema kuwakumbuka askari ni kuisifu vita, na wafuasi wa Mfalme wa Amani hawapaswi kuisifu. Hoja hii tunaiheshimu, na hatutaijibu kwa kusema vita zote ni sawa. Vita ya 1914 haikuwa yetu kabisa. Ile ya 1978 tulilazimishwa tuilinde nchi. Waliokwenda Darfur na Kongo walikwenda kuwalinda raia wa jirani. Lakini katika zote, kinachoifanya vita ipendeze ni jumla. Ngoma za Aprili 1979 zilichezwa kwa ajili ya ushindi, na ushindi hauna uso. Jina lina uso. Anayesikia kanisani, mwaka baada ya mwaka, jina la kijana wa miaka 21, jina la mama yake, na mahali palipo na mikorosho yake, hawezi kushangilia vita kirahisi. Atakayeombwa kesho amtume mwanawe atauliza maswali. Kwa hiyo tunasema kinyume cha wanavyosema ndugu hawa: kanisa linalosoma majina ndilo litakaloichelewesha vita, na kanisa linalosema "wote" ndilo litakaloibariki bila kujijua.

Rispa juu ya mwamba

Kuna mwanamke mmoja tunayemfikiria sana siku hizi. Katika sura ya 21 ya kitabu kile kile cha pili cha Samweli, wana wawili wa Rispa binti Aya waliuawa pamoja na wajukuu watano wa Sauli, na miili yao ikaachwa nje. Rispa hakuwa na jeshi wala cheo. Alitwaa gunia, akalitandika juu ya mwamba, akakaa hapo tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha. Mchana alifukuza ndege, usiku alifukuza wanyama. Hakuna maneno yake hata moja yaliyoandikwa. Lakini habari zake zilimfikia mfalme, na mfalme akaona aibu. Akaenda kuikusanya mifupa ya Sauli na Yonathani iliyokuwa imeachwa mbali kwa miaka, akaikusanya na ya hao saba, akaizika katika kaburi la baba yao. Na Maandiko yanasema kwamba baada ya hayo Mungu aliyasikia maombi kwa ajili ya nchi.

Baada ya hayo. Hatutaki kulazimisha andiko liseme zaidi ya linavyosema, lakini hatuwezi kuipita safu hiyo kama hatukuiona. Nchi ilikuwa na njaa miaka mitatu, makuhani walikuwapo, sala zilikuwapo. Kilichokuwa kimebaki ni mifupa ya vijana na mama mmoja juu ya mwamba.

Kibuta tulikuwa na Rispa wetu zaidi ya miaka 40. Mwamba wake ulikuwa shamba la mikorosho. Sisi tulipita tukimpa shikamoo.

Tunachoomba

Hatuombi mnara. Kanisa letu bado linahitaji mabati upande mmoja, tunajua gharama ya saruji. Tunaomba mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

Kila usharika uwe na daftari la majina. Liandikwe jina la aliyekufa vitani, jina la baba na la mama, kijiji chake, umri wake, vita aliyofia, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Wazee wanaokumbuka wanatutoka kila mwaka, na kila msiba mmoja unaondoka na majina. Anayesema tutaandika mwakani ajue kwamba anafuta.

Majina hayo yasomwe kwa sauti, polepole, Jumapili iliyo karibu na 25 Julai, na watoto wa Shule ya Jumapili wawepo wasikie. Wao ndio wana na binti ambao kijana wetu hakuwapata.

Wazee wa kanisa waende nyumbani kwa familia ya kila jina kabla ya Jumapili hiyo. Wasipeleke hotuba. Wakae, wasikilize, waonyeshwe picha kama ipo.

Na usharika unaoweza, utenge sehemu ya sadaka ya mavuno kumlipia nauli ndugu mmoja wa marehemu afike kaburini, kama kaburi liko Kaboya au kwingine nchini. Kilomita 1,300 ni nyingi kwa bibi mmoja. Kwa watu 100 walioleta kila mmoja kikapu cha korosho si nyingi.

Sisi tumeanza. Daftari letu ni la shule, la kurasa 96, na mpaka sasa limejaa ukurasa mmoja tu na nusu. Jina la kwanza ndani yake ni la kijana wetu, na limeandikwa na dada yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa, kwa sababu macho yake yamepungua. Tumekubaliana kwamba litasomwe na yeye, si na mchungaji wala na mzee wa kanisa. Ameomba kiti, kwa kuwa miguu yake haiwezi kusimama muda mrefu. Tumemwambia kiti kitakuwa mbele, karibu na madhabahu.

Ndugu msomaji, kama katika usharika wako kuna nyumba yenye jina kama hilo, nenda kabla wiki hii haijaisha. Usingoje dada yake aje kukuomba mara ya pili.